Msiweke Dau kwa Rua

Baba yangu alikuwa mwongo wa aina yake. Hakumdanganya mtu hata siku moja kuhusu ng'ombe, shamba wala mwanamke, ila kuhusu farasi wa zizi letu sikuwahi kumsikia akisema neno la kweli mbele ya watu. Kila mwaka, katika juma la mwisho kabla ya Pasaka, parokia yetu ya Kilbrackan hukusanyika ukumbini kuwasikiliza watabiri wakichambua mbio za Jumatatu ya Pasaka pale Rathdoon: farasi gani ataruka viunzi vyote, yupi ataishiwa pumzi, yupi atalala mtaroni. Kiti cha mwisho upande wa dirisha kilikuwa cha Baba. Farasi wetu akiwa na nafasi ya kushinda, Baba alimponda bila huruma. Anakohoa, mvivu, mbuzi ana afadhali. Wapokea dau wakisikia hivyo waliahidi malipo makubwa kwa yeyote mwenye kichaa cha kumchezea, na Baba akamtuma binamu yake wa mbali akaweke dau kimyakimya. Na farasi wetu akiwa hana kitu, Baba alimsifu mpaka machozi yakamlenga.

Watu si wajinga. Haukupita muda, parokia nzima ikajua kumsoma kichwa chini miguu juu. Mpaka anakufa ulikuwa msemo wa kijiji: Tierney akiponda kaweke dau, akisifu kanywe bia. Waliusema hata kwenye mazishi yake, tena mbele ya jeneza, na padri akacheka.

Kiti nikakirithi mimi, Nóirín, kwa sababu nilipanda farasi mpaka nyonga ikavunjika, na baada ya hapo nikawa naandika uchambuzi wa mbio katika gazeti la wilaya. Farasi wa watu wengine nawasema ninavyowaona, na watu hunisikia ninavyosema. Lakini zizi letu, ambalo sasa ni la mdogo wangu Donncha, nililikwepa. Wakiniuliza nilijibu kwamba huyo ni wa nyumbani, mniache, na wenzangu wakaendelea na mwingine. Mwaka huu sikuweza kukwepa, kwa sababu ya Rua.

Rua ni farasi mwekundu, mrefu, wa chama cha wanakijiji. Nusu ya parokia ina hisa kwake, hata kama ni ya unywele mmoja. Ndiye farasi pekee wa maana aliyebaki kwa Donncha, na hakuna asiyejua kwamba akikosea naye, chama kitamhamishia Rua kwenye zizi kubwa la wenye nazo, na Donncha atabaki kufunza farasi wa kubebea watalii. Wa kumpanda Jumatatu ile alikuwa Clíona, binti yake Donncha. Mama yake alifariki Clíona akiwa anaanza kusoma, na mimi ndiye niliyemsuka nywele, nikamfundisha kushika hatamu, na kumpiga kofi moja tu maishani, siku alipopanda bila kofia.

Juma moja kabla ya Pasaka nilikwenda kuwatazama wakimrusha Rua viunzi vya mazoezi. Kiunzi cha kwanza aliruka akipotokea kushoto. Cha pili akapotoka zaidi, na alipotua masikio yalilala nyuma na kiuno kikamshuka kidogo, kidogo tu, kitu ambacho mtu asiyewahi kukalia farasi asingekiona. Mgongo ulikuwa unamuuma. Sasa, Rathdoon mbio huzunguka kuelekea kulia, na kiunzi cha tatu kina mtaro mpana mbele yake na nguzo nene upande wa kushoto. Farasi anayekimbilia kushoto kwa maumivu, kwa kasi ile, ama ataigonga nguzo ama atatumbukia mtaroni. Nilimwona Clíona akimpapasa shingo na kucheka.

Daktari wa mifugo alikuja, akamminya mgongo, akamtembeza, hakuona kitu. Donncha akasema tungoje tuone. Nilimjua mdogo wangu, alikuwa ameshaanza kuogopa na bado kidogo tu amtoe Rua mbioni. Nikajiambia, ngoja nimsaidie. Nikisema ukumbini mbele ya wote kwamba farasi ni mgonjwa, hakuna atakayemlaumu akimtoa.

Basi Alhamisi nikavaa koti la kanisani nikaenda ukumbini. Palikuwa pamejaa mpaka kwenye madirisha. Mpokea dau alikuwa ameweka meza yake nyuma, karibu na birika la chai, na sharti lake ni lile la siku zote: anayeweka dau usiku ule anapata malipo mazuri, lakini farasi asipokimbia Jumatatu, pesa imekwenda na hairudi. Tukachambua farasi wa Wicklow, tukachambua yule jike wa Kusini asiyependa tope. Kisha mwendesha mkutano, Fintan mnadi wa mifugo, akanigeukia huku akitabasamu.

"Haya, binti Tierney. Rua tunamruka au leo utatufungulia moyo?"

"Msiweke dau kwa Rua," nikasema. "Mgongo unamuuma. Rathdoon inazunguka kulia, yeye anakimbilia kushoto. Mtaro wa kiunzi cha tatu hataupita. Na atakayekuwa juu yake ni mtoto niliyemlea mwenyewe."

Ukumbi ulinyamaza. Kwa sekunde chache nilidhani wamenisikia. Kisha mtu mmoja kule nyuma akacheka, viti vikaburuzwa, na kabla sijakunja karatasi yangu palikuwa na foleni kwenye meza ya mpokea dau mpaka mlangoni. Nikakikamata tena kipaza sauti. Nikawaambia ni kweli, naapa kwa kaburi la baba yangu. Hapo ndipo walipocheka hasa, maana Baba naye aliapa kwa kaburi la baba yake, tena mwaka alioshinda vizuri kuliko yote. Mpokea dau akafuta alichokuwa ameandika ubaoni, akapunguza malipo ya Rua, akapunguza tena, na kila alipopunguza foleni ikasukumana zaidi.

Mzee Peadar, aliyechimba kaburi lenyewe la Baba, alinipitia akiwa na risiti mkononi, akanibana vidole.

"Baba yako angejivunia," akaninong'oneza. "Hata yeye hakuwahi kufikiria kumwingiza mtoto katika uongo wake."

Nilitaka kumpiga. Kweli kabisa, nilitaka kumpiga mzee wa watu.

Kesho yake Ijumaa Kuu nikaenda zizini. Donncha alikuwa anafagia, naye hafagii ila akiwa na hasira. Nikamwambia amtoe Rua leo, asingoje. Aliegemeza ufagio ukutani taratibu.

"Jana asubuhi nilikuwa na simu mkononi," akasema. "Nilikuwa namtoa. Nikasema acha nimalize kulisha kwanza. Leo hakuna nyumba Kilbrackan ambayo haina pesa juu yake. Mjane wa Cathal ameweka pesa za makaa ya mawe ya kupashia nyumba joto. Nikimtoa, zote zimekwenda. Nitaingiaje kanisani, dada? Nitamtazama nani?"

"Utamtazama Clíona akiwa mzima."

"Daktari amempitisha. Clíona anamtaka. Chama kinamtaka. Wewe peke yako ndiye usiyemtaka, na wewe ndiye uliyenifunga. Ungekaa kimya ningekuwa huru."

Alikuwa amesema kweli. Nilikwenda ukumbini kumfungulia mlango na badala yake nikautia komeo kwa nje. Akauchukua ufagio wake na kuendelea na kazi.

Jumamosi nikamfuata Clíona mwenyewe. Alikuwa jikoni anapaka mafuta tandiko, redio ikiimba, viazi vinatokota. Nilikaa mbele yake nikamweleza yote polepole, kama mtu anayesoma wosia: masikio, kiuno, nguzo ya kushoto. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, nami nikaanza kupata moyo. Nilipomaliza akaninyanyulia jicho moja na kunikonyeza.

"Shangazi, mimi si watu wa ukumbini. Kwangu huna haja ya kuigiza."

Nikamwambia sichezi. Akasema anajua, anajua, na kwamba kijiji kizima kinasema nimemzidi babu. Akaniambia alikuwa na wasiwasi kidogo na Rua juma lile, alihisi kama hanyooki, lakini aliposikia nilivyomponda ukumbini akalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza. Hapo nikashindwa kujizuia, nikalia. Clíona akaacha tandiko, akanikumbatia na mikono yake ya mafuta, na nikasikia kifua chake kinatikisika kwa kicheko.

"Hata machozi?" akasema. "Babu alikuwa anayaweka kwa wale wabovu. Wewe umegeuza."

Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili halikuwa sikio la kufa. Lilikuwa sikio zima, lenye akili, lililofundishwa na ukoo wangu mwenyewe kusikia kinyume. Jumapili ya Pasaka kanisani watu walinipisha njia. Padri aliponiwekea komunyo ulimini alinikonyeza, na Mungu atanisamehe nilichomtamkia moyoni. Mezani kwa Donncha kulikuwa na mwanakondoo wa kuokwa, nami nikaisukuma sahani kando. Nikisema ukweli, naongeza moto. Nikinyamaza, watasema nimeficha jambo kubwa zaidi. Clíona alikula kidogo kwa sababu ya uzito wake, akaimba akiosha vyombo.

Jumatatu Rathdoon ilikuwa na jua na upepo, ardhi ngumu kuliko nilivyotaka. Nilimpata Clíona nje ya chumba cha wapandaji, amevaa rangi za chama, kofia mkononi. Nilikuwa nimekuja kumsihi mara ya mwisho. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ndipo nikamwona jinsi anavyonitazama, amejiandaa kucheka, na nikafahamu kwamba neno lolote la kumwonya litamtuma mtaroni kwa furaha. Nikafunga mdomo. Nikatabasamu tabasamu la Baba, maana ninalo, ni moja ya vitu alivyoniachia.

"Mwanangu, nilikosea," nikamwambia. "Nimemtazama Rua asubuhi hii. Hana kasoro. Mgongo wake ni chuma."

Akaacha kutabasamu.

"Ataruka kama malaika," nikaendelea. "Mtaro wa tatu hatajua hata kama upo. Hujawahi kupanda farasi salama kama huyu. Nenda, nina furaha mpaka basi." Na machozi yakanilenga, ya kweli, naye akayaona.

Rangi ikamtoka usoni. Alitazama upande wa mazizi, akanitazama. 

"Shangazi, kwa nini unamsifu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kwa sababu anastahili."

 Akageuka na kutembea, hakuelekea kwa baba yake bali mlango wa daktari wa uwanja, na akiwa njiani nikaona ameanza kuushika mkono wake wa kushoto kana kwamba unauma. Niliegemea ukuta nikacheka peke yangu kama mwehu. Nilikuwa nimemtoa. Baada ya siku zote zile za kusema ukweli, uongo mmoja ulikuwa umemtoa, na sikuona aibu hata kidogo.

Kisha kipaza sauti kikatangaza kwamba Clíona Tierney ameumia mkono, na kwamba Rua atapandwa na Fergal Devaney.

Sijui nilidhani nini. Nadhani niliamini kwamba bila Clíona hakuna mbio. Fergal ni mtu mzima, mpandaji wa farasi wa watu, husafiri huku na huko na tandiko lake begani akingoja mwingine augue au aanguke. Donncha alimpata kabla tangazo halijaisha. Nilisogea kwenye uzio wa duara wanapotembezwa farasi, na pembeni yangu palikuwa na mwanamke kijana mwenye mtoto mchanga kifuani na mfuko wa chipsi mkononi, anarukaruka kwa furaha. Akaniambia bila kuulizwa kwamba ni mume wake, ndiye aliyepewa huyu mwekundu, hajapata farasi anayependwa na watu hivi tangu waoane. Jina lake Sorcha, wa Donegal, kwao ni wavuvi, na mambo ya farasi hayajui hata kidogo.

"Naona umevaa beji ya hapa," akasema. "Unamjua farasi huyu, mama? Anaruka vizuri?"

Mtoto alinitazama kwa macho ya kijivu. Mwanamke yule alikuwa amenigeuzia uso wote, akingoja tu jibu. Hakuwahi kumsikia Baba, hakuwa na habari ya ukumbi wetu wala misemo yetu. Na nikatambua kwamba kwa huyu sina pa kujificha: nikisema sivyo, atasikia sivyo. Niliogopa zaidi kuliko nilivyoogopa Alhamisi mbele ya watu wote wale.

"Hapana," nikamwambia. "Mgongo unamuuma. Anakimbilia kushoto. Mtaro wa tatu utamshinda, na nguzo iko upande huohuo. Kamwambie mumeo."

Hakukonyeza. Hakucheka. Alinitazama usoni mara moja, akanipa mtoto, akaangusha chipsi na kupita chini ya uzio.

Nilimwona akimfikia Fergal, akimshika mkono wa shati la hariri na kusema haraka. Donncha alikuwa hapo. Fergal akatazama juu ya kichwa cha mkewe mpaka macho yake yakanipata, mimi na mtoto wake. Kisha akampapasa mkewe shavu, akakunja goti, na Donncha akamnyanyua kwa mguu mpaka kwenye tandiko. Mtu wa kazi ile hashuki kwenye farasi kwa maneno ya mwanamke wa uzioni. Ningekuwa mimi nisingeshuka.

Sorcha akabaki katikati ya majani, hajui arudi au asimame. Mimi nilimbana mtoto mpaka akaanza kulalamika. Farasi wakaondoka, parokia yangu yote ikawa imesimama jukwaani, imeshika risiti, inaimba jina la Rua. Kiunzi cha kwanza aliruka akipotokea kushoto, akamsukuma farasi wa Wicklow. Cha pili akapotoka zaidi, na alipotua nilikiona kiuno kikishuka, safari hii hata mtoto wa shule angekiona. Lakini alikuwa wa tatu, anakwenda kwa nguvu, na jukwaa lilinguruma. Mtaro ulikuwa mbele yao. Nilifumba macho, kisha nikayafumbua, kwa kuwa nilikuwa na mtoto wake mikononi na niliona ni wajibu wangu kutazama.

Fergal alinyanyuka. Akavuta hatamu kwa mikono yote miwili, akamgeuza Rua kulia mbele ya mtaro kabisa, akamtoa nje ya njia, na wengine wakapita wakaruka. Akashuka. Akalegeza mkanda wa tandiko, akaegemeza paji la uso kwenye shingo ya farasi na kubaki hivyo.

 Watu wetu walishuka ngazi mmojammoja wakanizunguka, na hakuna aliyejua la kunishtaki. Mzee Peadar ndiye aliyepata maneno, akiwa na risiti yake mkononi.

"Ulituambia ukweli," akasema, kana kwamba nimemwibia. "Alhamisi ile. Ulikuwa unasema kweli."

Nikamjibu ndiyo. Akatikisa kichwa na kwenda zake, na wengine wakamfuata. Donncha alipita akimwongoza Rua, farasi akitembea mgongo umekunjika hivi kwamba hata daktari aliyempitisha alikuwa anakuja mbio. Mdogo wangu hakunitazama. Sorcha akaja kumchukua mtoto wake.

"Amesema alihisi mgongo wa farasi unakatika pale kwenye kiunzi cha pili," akaniambia. "Amesema bila maneno yako angedhani ni ugumu wa ardhi. Asante, mama." Akaenda kumngoja mumewe kwenye lango.

Clíona alinikuta bado nimesimama uzioni. Mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji safi isiyo na kazi. Hakuwa amekasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Alisimama kando yangu akitazama majani matupu.

"Ulijua kunidanganya kutaniokoa," akasema. "Kwa nini hukumsifu pale ukumbini? Wangecheka, wangeenda kunywa bia, Baba angemtoa Ijumaa. Nusu ya kijiji isingepoteza kitu. Na yule bwana asingepanda."

Ningeweza kusema kwamba halikunijia akilini. Lakini lilinijia. Lilinijia Alhamisi, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha Baba, Fintan akinigeukia na tabasamu lake.

"Nilitaka kuaminiwa," nikamwambia. "Mara moja tu, katika kiti kile."

Clíona akanigeukia. Alinitazama usoni, kwanza jicho hili kisha lile, kwa makini, kwa muda mrefu, na nikaona kwamba anatafuta anisome upande gani.